Kadi ya ukaazi wa Kanada imekwisha nawe uko Zanzibar: namna ya kuomba hati ya kurudia

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Mtu ameishi Toronto au Ottawa miaka sita, amekuja Unguja kumuuguza mama au kuhudhuria arusi, akakaa kuliko alivyokusudia, na siku anapoitoa kadi yake ya ukaazi wa kudumu anaiona imekwisha tangu mwezi uliopita. Mwengine kadi yake ingali hai lakini imepotea, au ameisahau ndani ya mkoba ulioibiwa Darajani. Wote huuliza mambo mawili: je, ukaazi wangu umekufa, na nitapandaje ndege?

Ukaazi haukufa. Kadi ni kitambulisho tu, na hadhi ya mkaazi haiondoki kwa sababu kitambulisho kimefika tarehe yake. Huondoka kwa uamuzi rasmi uliokwisha nafasi ya kukatiwa rufaa, au kwa mtu mwenyewe kuikana kwa maandishi, au kwa kuwa raia wa Kanada. Ama ndege, hutapanda bila ya hati ya kusafiria ya mkaazi wa kudumu, ambayo ni stika inayobandikwa ndani ya paspoti na ambayo huombwa na aliye nje ya Kanada peke yake. Mimi nililijua hilo nimeshafika uwanja wa Abeid Amani Karume, mkononi nina kadi iliyokwisha siku kumi na moja nyuma, nikiamini kwamba nitajieleza nitakapotua. Kijana wa kaunta aliisoma tarehe, akaigeuza kadi upande wa pili kama anayetafuta tarehe nyengine, akanirudishia pamoja na paspoti, kisha akaniomba nisogeze mizigo ili anayefuata apite. Hakunikosea, kwani shirika linalompakia abiria asiye na hati sahihi hutozwa faini.

Mwongozo huu ni wa mkaazi wa kudumu wa Kanada anayetumia paspoti ya Tanzania na ambaye kwa sasa yupo Unguja au Pemba. Ikiwa umeshakuwa raia wa Kanada, haukuhusu. Wewe unatakiwa usafiri kwa paspoti ya Kanada.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Paspoti yenye uhai, pamoja na zote za zamani ulizozitumia katika miaka 5 iliyopita. Paspoti ya kielektroniki ya Tanzania iliyozinduliwa Januari 2018 hudumu miaka 10, kwa hiyo wengi bado wako salama. Lakini kama yako imekwisha, anzia Uhamiaji, kwa sababu stika haina pa kubandikwa.
- Kadi ya ukaazi iliyokwisha au nakala yake, na hati uliyopewa siku ulipoingia Kanada kama mkaazi. Hati hiyo ina namba IMM 5292 au IMM 5688. Walioingia zamani wana ile ndefu ya IMM 1000.
- Ushahidi kwamba uliishi Kanada: taarifa za makadirio ya kodi za kila mwaka, barua za mwajiri, mikataba ya nyumba, matokeo ya skuli au chuo, taarifa za benki.
- Fomu ya maombi IMM 5524, orodha ya viambatisho IMM 5644 na mwongozo wake wenye namba 5529. Zote zinapatikana bure katika tovuti ya serikali ya Kanada, na anayekuuzia fomu anakuuzia karatasi tupu.
- Kadi ya benki inayoweza kulipa kwa intaneti nje ya nchi. Ada ni dola 50 za Kanada kwa kila mtu, mtoto akiwa na kadi yake mwenyewe naye analipiwa, na hairudishwi ombi likikataliwa.

Hatua za kufuata

1. Hesabu siku zako kabla ya kugusa fomu. Hapa ndipo ombi linapopita au linapoanguka, na ndipo wengi wanapopita mbio. Sheria ya Kanada inamtaka mkaazi awe ametimiza siku 730 katika kipindi cha miaka 5. Siku hizo si lazima zifuatane. Miaka 5 hiyo haihesabiwi tangu kadi ilipotolewa, wala kwa mwaka wa kalenda. Inahesabiwa kurudi nyuma tangu siku ombi lako litakapopokelewa. Ikiwa hujatimiza miaka 5 tangu uwe mkaazi, unatakiwa kuonyesha kwamba siku zilizobaki zinatosha kukufikisha 730.

Chukua mfano. Mtu aliingia Kanada tarehe 15 Septemba 2020 akatoka tarehe 30 Aprili 2022. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa, kwa hiyo hapo ana siku 593. Alirudi tena tarehe 1 Julai 2023 akakaa mpaka tarehe 20 Novemba 2023, siku 143. Jumla yake ni 736. Ombi lake likipokelewa tarehe 1 Juni 2025, amepita kwa siku sita. Lakini tuseme alikuwa anangoja amalize shughuli za shamba kwanza, na ombi likapokelewa tarehe 25 Septemba 2025. Dirisha la miaka 5 sasa linaanzia tarehe 25 Septemba 2020, zile siku kumi za mwanzo zimeachwa nje, naye amebaki na 726. Ni mtu yule yule, na hakuongeza safari wala kupunguza, kungoja kumemtoa. Kwa hivyo mwenye siku zinazokaribiana na mpaka asikawie hata wiki moja, na mwenye siku nyingi za kuzidi anaweza kujipangia kwa utulivu.

Chukua daftari, fungua paspoti zote, andika kila muhuri wa kutoka na kuingia kwa mpangilio wa tarehe. Mihuri ya Uhamiaji wetu itakusaidia zaidi kuliko ya Kanada, kwa sababu katika viwanja vikubwa vya kule abiria mara nyingi hupitia mashine na paspoti haigongwi kitu.

2. Angalia kama zipo siku za nje zinazohesabika. Siku ulizokaa nje ya Kanada pamoja na mume, mke au mwenza ambaye ni raia wa Kanada zinaingia katika zile 730. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyekaa na mzazi wake ambaye ni raia. Zinaingia pia siku za aliyeajiriwa kwa muda kamili na kampuni ya Kanada au serikali yake na kupelekwa kazini nje. Kufanya biashara zako mwenyewe Paje au Chake Chake hakumo, hata kama mtaji ulitoka Kanada. Anayetumia njia hii lazima athibitishe mambo mawili kwa pamoja: kwamba mwenzake ni raia, na kwamba kweli walikuwa wakikaa mahali pamoja. Cheti cha ndoa peke yake kinathibitisha ndoa tu.

3. Panga ushahidi kwa miaka. Usiwapelekee mzigo wa karatasi uliochanganyika. Weka mwaka mmoja mmoja, na ndani ya kila mwaka weka kodi, kazi, nyumba. Anayesoma faili lako hakujui, na kila pengo la miezi mitatu atalijaza kwa dhana yake. Kama ulikuwa Kanada japo mara moja katika siku 365 zilizopita, tafuta ushahidi wa safari hiyo hasa, kama kipande cha tiketi ya kupandia ndege au ukurasa wa paspoti wenye muhuri, uuweke mbele; sababu yake nitaieleza kwenye habari ya kukataliwa.

4. Tafsiri kila kisichokuwa cha Kiingereza au Kifaransa. Hapa kwetu itakuwa barua ya sheha, baadhi ya vyeti na baadhi ya karatasi za hospitali. Tafsiri iambatane na nakala ya waraka wenyewe, na kama mfasiri si mwenye muhuri wa taaluma inayotambulika, ale kiapo mbele ya mwenye mamlaka ya kuapisha kwamba tafsiri ni sahihi.

*Tahadhari:* Ndugu hawezi kukufasiria. Binamu yako anaweza kuwa mwalimu wa Kiingereza wa miaka ishirini na tafsiri yake ikawa safi kabisa, bado haitakubaliwa.

5. Sawazisha majina. Sisi hutumia jina la mtu, la baba na la babu, na fomu za kule zinataka jina la ukoo; matokeo yake ni kwamba mtu mmoja huwa na jina la mwisho la babu katika paspoti, la baba katika kadi ya benki, na katika cheti cha zamani Khamis imeandikwa Hamisi. Katika fomu andika jina kama lilivyo kwenye paspoti, herufi kwa herufi, kisha katika sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia taja tofauti zote. Kama tofauti ni kubwa, ambatisha kiapo cha majina. Usirekebishe jina kimya kimya ukidhani unasaidia; jina lisilolingana ndilo linaloibua maswali.

6. Jaza fomu IMM 5524. Tarehe zinaandikwa kwa kuanza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, nasi tumezoea kinyume chake. Tarehe 4 Mei ikiandikwa kinyumenyume inakuwa 5 Aprili, na hesabu yako yote ya hatua ya kwanza inaharibika. Taja kila safari ya nje ya Kanada katika miaka 5, hata ile ya siku tatu, pamoja na sababu yake. Sehemu za anwani na kazi zisiwe na mapengo: ikiwa ulikuwa nyumbani huna kazi, andika hivyo hivyo. Ikiwa mtu mwengine anakushughulikia ombi kwa niaba yako, kwa malipo au bila malipo, atajwe kwa fomu IMM 5476. Na usiongeze siku ambazo hukukaa. Uongo katika ombi la uhamiaji unaweza kumzuia mtu kuingia Kanada kwa miaka 5, wakati upungufu uliosemwa wazi una njia zake, kama utakavyoona hapo mbele.

7. Piga picha kwa vipimo vyao. Chapisha ukurasa wa vipimo uende nao studio. Mpiga picha wetu, kwa ukarimu wake, atakupa ukubwa aliouzoea wa paspoti ya hapa na atakulainishia uso kwenye kompyuta. Mwombe asifanye lolote kati ya hayo. Mwenye kuvaa mtandio au kofia kwa ajili ya dini asihofu, mradi uso wote uonekane na kusiwe na kivuli.

8. Lipa na uhifadhi risiti. Malipo ni kwa kadi kupitia tovuti yao. Malipo ya simu hayamo. Pitia benki kwanza uhakikishe kwamba kadi yako imefunguliwa malipo ya intaneti ya nje, ama mwombe ndugu aliyeko kule akulipie, kisha akutumie risiti nzima na si picha ya nusu ukurasa.

9. Wasilisha. Unaweza kuomba kwa mtandao kupitia tovuti ya maombi ya ukaazi wa kudumu, au kwa karatasi kupitia kituo cha kupokea maombi ya viza ya Kanada kilichopo Dar es Salaam. Kwa mtu wa visiwani mimi napendekeza mtandao, kwa sababu karatasi iliyosahaulika itakugharimu nauli ya boti kwenda na kurudi, na aliyeko Wete au Mkoani gharama yake ni mara mbili. Kila waraka uupige picha kwa skana, si kwa simu juu ya mkeka, na uupe jina linalosomeka. Kabla ya kubonyeza mara ya mwisho, pitia IMM 5644 mstari kwa mstari ukiwa na kalamu mkononi.

*Tahadhari:* Usinunue tiketi isiyorudishika kwa kukisia siku ya majibu.

10. Peleka paspoti utakapoitwa. Ombi likikubaliwa utaelekezwa kuwasilisha paspoti ili stika ibandikwe, na hapo hapana budi ya kuvuka kwenda Dar es Salaam, mwendo wa takriban saa mbili kwa boti ya kasi kutoka Malindi. Kituo kina ada yake ya huduma, mbali na zile dola 50. Paspoti ikirudi, ifungue hapo hapo usome stika: jina, namba ya paspoti, tarehe ya mwisho. Kosa la herufi moja ni rahisi kulisema ukiwa bado umesimama dirishani kuliko ukiwa umeshafika Mtoni.

11. Ukishafika Kanada, omba kadi mpya mara moja. Fomu yake ni IMM 5444 na ada ni dola 50 nyengine. Toa anwani ya Kanada utakayokuwepo, maana kadi haitumwi nje ya nchi. Baada ya hapo weka mazoea ya kuomba kadi inapobakiwa na chini ya miezi 9.

Mambo yakikwama

*Siku hazikutimia.* Omba, lakini usiombe kimya. Sheria inamruhusu afisa kuangalia sababu za kibinadamu, ikiwemo maslahi ya mtoto anayehusika. Andika barua inayoeleza kwa nini ulikaa, kwa nini hukuweza kurudi mapema, na nini kinakufunga na Kanada hivi leo. Neno "mama alikuwa mgonjwa" halitoshi. Barua ya daktari wa Mnazi Mmoja au Abdulla Mzee yenye tarehe za kulazwa, pamoja na maelezo kwamba hapakuwa na ndugu mwengine wa kumhudumia, ndiyo itakayosomwa.

*Ombi limekataliwa.* Una siku 60 tangu kupokea uamuzi kwa maandishi kukata rufaa mbele ya kitengo cha rufaa za uhamiaji cha bodi ya uhamiaji na wakimbizi ya Kanada. Siku hizo zikipita bila rufaa, ukaazi unaondoka kweli. Na hapa ndipo ule ushahidi wa siku 365 unapofanya kazi: ukikata rufaa, na ulikuwa Kanada japo mara moja ndani ya siku hizo, sheria inataka upewe hati ya kusafiria ili uisubiri rufaa yako ukiwa huko huko. Katika hatua hii tafuta mwanasheria mwenye leseni ya kule. Barua ya kukataliwa si ya kuwekwa kabatini mpaka mfungo uishe.

*Umeshauriwa uombe viza ya utalii kwa kuwa ni nyepesi.* Mkaazi wa kudumu hapewi viza ya mgeni wala kibali cha kielektroniki cha kusafiria. Mlango pekee wa kupata viza hiyo ni kuukana ukaazi wako kwa kusaini fomu IMM 5782. Nimekutana na watu waliokuwa tayari kuisaini kwa sababu ya harusi ya wiki mbili. Usiguse fomu hiyo mpaka uwe umeelewa kwamba unachokiacha hakirudi kwa kuandika barua nyengine.

*Mtoto amezaliwa hapa.* Mtoto wa wakaazi wa kudumu aliyezaliwa Unguja hakuwa mkaazi kwa kuzaliwa kwake, hata kama kaka zake wote wana kadi, na hati hii hawezi kuiombea. Anahitaji kudhaminiwa na mzazi, na mzazi ambaye ni mkaazi tu lazima awe anaishi Kanada ndipo adhamini, jambo ambalo kwa mama anayenyonyesha ni zito mno. Kwa hiyo lifikirie kabla ya kuja kujifungulia nyumbani. Ikiwa mzazi mmoja ni raia wa Kanada, habari ni nyengine, na swali la kwanza litakuwa uraia wa mtoto.

*Kuna dharura.* Eleza dharura yenyewe katika barua ya ukurasa mmoja na uambatishe ushahidi wake, kama cheti cha kifo au barua ya hospitali. Tiketi uliyokwisha kuinunua haiwi dharura kwa sababu tu ni ya kesho kutwa.

*Kupitia Marekani kwa gari.* Ni kweli kwamba mkaazi anayefika mpakani kwa gari binafsi akitokea Marekani anaweza kujithibitisha kwa nyaraka nyengine bila ya hati hii. Lakini mwenye paspoti ya Tanzania anahitaji viza ya Marekani kwanza, na basi, treni na boti si gari binafsi. Ni njia ya mwenye viza hiyo tayari mfukoni.

*Kadi imepotea ikiwa bado hai.* Jaza tamko la kupotea, fomu IMM 5451, uliambatishe pamoja na ripoti ya polisi kama unayo, kisha fuata hatua zote zilizo juu. Baada ya kutoa tamko hilo kadi imeshafutwa, kwa hiyo ukija kuiokota nyuma ya kabati wiki inayofuata, usiende nayo uwanja wa ndege, hata kama tarehe yake inaonyesha imebakiwa na miaka miwili.